Kipima masafa cha leza kwa mwindaji wa upinde: boksi linasema yadi 1,000, ayala anataka 20

Kwenye maduka ya vifaa vya uwindaji ya Marekani na Kanada, kipima masafa cha leza cha mkononi kinauzwa kati ya dola 150 na 400. Ni kidude kinachoingia mfukoni, chenye lenzi ya kukuza mara 6, betri moja ya CR2, vitufe viwili, na maandishi makubwa kwenye boksi: yadi 1,000, yadi 1,500, wakati mwingine 2,000. Mwenye bunduki ana sababu ya kuyasoma maandishi hayo. Mwenye upinde hana. Kazi yote inayomhusu inaishia ndani ya yadi 50, na hapa tunakipima kifaa kwa yadi hizo tu: kinamsaidiaje mtu kujua aachie mshale au aushushe upinde.

Mnyama mwenyewe ni ayala mkia-mweupe wa misitu ya Amerika Kaskazini. Neno ayala wengi tunalijua kutoka Zaburi ya 42. Wapo wanaomwita kulungu au paa, lakini hao ni wa kwetu, na pembe zao haziangushwi kila mwaka. Vipimo tumeviacha kwenye yadi kwa sababu pini za kulengea (vijiti vidogo kwenye kilengeo cha upinde, kila kimoja kwa umbali wake, cha juu kwa ule wa karibu zaidi) na mafunzo yote ya huko yanakwenda kwa yadi: 20 ni mita 18, 30 ni mita 27, 40 ni karibu mita 37.

Kwanza, kinahitajika kweli? Ndiyo, na sababu ni hesabu. Chukua upinde wa kapi wa kawaida, ule wa kampaundi, unaorusha mshale kwa futi 280 kwa sekunde, yaani kama mita 85. Ukidhani ayala yuko yadi 20 kumbe yuko 25, mshale unatua kama sentimita 7 chini ya ulipolenga. Kosa lilelile la yadi 5 ukiwa umelenga kwa 35 linakushusha sentimita 11. Ukiwa umelenga kwa 40, linafika 13. Eneo la mapafu na moyo la ayala mkubwa lina upana wa sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo toka katikati hadi ukingoni una 10 au 12. Maana yake kwenye yadi 40 unaweza kuvuta vizuri, kutulia vizuri, kuachia vizuri, na bado ukamjeruhi mnyama kwa sababu tu jicho lilikisia vibaya. Na jicho hukisia vibaya alfajiri, kwenye mwanga hafifu, na hasa ukitazama ng'ambo ya bonde au kutoka juu ya mti. Vifaa vingi vya bei hii hukosea yadi moja au chini ya hapo. Kosa hilo mshale unalivumilia.

Pembe ya kulenga: sifa inayouzwa sana, wengi hawaihitaji

Karibu kila kipima masafa cha wawindaji wa upinde kinatangaza kwamba kinapiga hesabu ya pembe. Ukilenga kwenda chini au juu, kinakupa umbali wa mlalo badala ya ule wa mstari wa macho, kwa sababu mvutano wa dunia unaushusha mshale kulingana na umbali wa mlalo. Hesabu ni sahihi. Swali ni nani anaihitaji.

Mwindaji wa ayala kwenye ardhi tambarare hukaa kwenye dungu la mtini, jicho lake likiwa mita 6 hivi juu ya kifua cha mnyama. Ayala akiwa yadi 20 toka shina la mti, mstari wa macho ni yadi 21. Tofauti ni yadi moja, na kadiri mnyama anavyosogea mbali ndivyo inavyozidi kufifia. Akija karibu, tuseme yadi 10, kifaa kisicho na pembe kitasoma 12, na kwa umbali huo pini yako ya juu inatosha kwa vyote viwili. Usilipe dola 100 za ziada kwa hilo.

Mlimani ni habari nyingine. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mstari wa yadi 40 unahesabika kama yadi 35, na aliyelenga kwa pini ya 40 atapiga kama sentimita 12 juu. Anayewinda Colorado au Montana kwenye miteremko anunue chenye pembe bila kusitasita. Wa Ohio kwenye mashamba ya mahindi anaweza kuupata umbali wa mlalo bure kwa njia hii: ukiwa juu ya dungu, usipime ardhi pale mnyama atakaposimama. Pima shina la mti lililo jirani na hapo, kwenye urefu uleule wa macho yako. Mwale unakwenda mlalo, namba inayotoka ni ya mlalo.

Tahadhari moja kuhusu dungu ambayo kifaa hakiwezi kuionyesha. Pembe kali haiharibu namba tu, inabadilisha njia ya mshale ndani ya mwili. Kutoka mita 6 juu, ayala aliye yadi 5 unampiga kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 50: mshale unaingia karibu na mgongo, unapita pafu moja, na la pili linabaki zima. Ayala mwenye pafu moja zima anaweza kwenda mbali sana. Kwenye yadi 15 pembe imeshuka hadi nyuzi 24, kwenye 20 ni 18, na hapo mapafu yote mawili yamo njiani. Kwa hiyo masafa mazuri yana mpaka wa chini pia. Watu hubishana juu ya 40 au 50 na kusahau kwamba 5 nayo ni mbaya.

Kinavyofanya kazi porini

Ukibonyeza kitufe, kifaa kinatuma mwale wa leza usioonekana na kusubiri urudi. Tatizo ni kwamba unarudi kutoka kwenye chochote ulichokigusa kwanza: jani, kijiti, unyasi mrefu, tone la mvua. Mwindaji anapima ayala aliye nyuma ya vichaka, anasoma 17, anatumia pini ya 20, mshale unachimba ardhi chini ya kifua. Ayala alikuwa 27. Ile 17 ilikuwa ya tawi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni mpangilio wa kipaumbele. Vifaa vizuri vina chaguo la kitu cha karibu na chaguo la kitu cha mbali. Msituni weka cha mbali, ili majani ya mbele yarukwe. Ya pili ni kushikilia kitufe na kufagia polepole, mkia hadi kichwa na kurudi. Namba zikiruka 17, 27, 17, 27, unajua kuna kitu kati yenu, na hicho kitu kitaugusa mshale pia. Tunakipa alama kubwa kifaa chenye ufagiaji wa haraka unaobadilisha namba papo hapo. Vya bei ya chini kabisa huchelewa karibu sekunde nzima kwa kila namba, na ayala anayetembea hakungojei.

Kasoro ya pili haionekani dukani: alama ya katikati ya lenzi na mwale halisi si lazima vielekee mahali pamoja. Kipime nyumbani. Tafuta nguzo nyembamba yenye uwazi nyuma yake, iliyo yadi 30 hivi. Anza kushoto kwa nguzo huku umeshika kitufe, sogea kulia taratibu, na uangalie alama iko wapi hasa namba inapobadilika kutoka ya mbali kuwa ya nguzo. Rudia ukitokea kulia, kisha chukua tawi la mlalo ufanye hivyo kutoka juu na kutoka chini. Kama mwale uko chini ya alama kwa upana wa kidole, hakijaharibika. Unatakiwa tu kulijua hilo na, unapopima, kukielekeza begani badala ya tumboni. Kikipishana zaidi ya hapo, kirudishe dukani.

Ya tatu ni ya kijinga na inatokea kila msimu: kipimo kimehamia kwenye mita. Kwenye modeli nyingi ukishikilia kitufe cha pili kwa sekunde kadhaa unaingia kwenye mipangilio, na mfukoni au ndani ya glavu kitufe hujibonyeza chenyewe. Kinaandika 40, wewe unalenga kwa pini ya 40, kumbe ni mita 40, karibu yadi 44. Mshale unashuka sentimita 9 au 10. Herufi ndogo ya m au y pembeni mwa namba itazame kila asubuhi kabla ya kupanda.

Kuhusu kioo cha namba: zipo namba nyeusi na zipo nyekundu zinazowaka. Nyeusi ni bei nafuu na zinasomeka vizuri mchana. Lakini ayala hutembea mapambazuko na magharibi, na majimbo mengi yanaruhusu kupiga hadi nusu saa baada ya jua kuzama. Katika nusu saa hiyo namba nyeusi juu ya manyoya ya kijivu hazionekani kabisa. Kama fedha inatosha kwa nyongeza moja tu, iweke kwenye namba nyekundu. Pembe ije baadaye. Hakikisha mwanga wake unapunguzika, maana ukiwa mkali unakupofusha jicho uliloandaa kwa giza.

Kuna na mambo madogo ya mkononi. Mkoba wa gundi-mkwaruzo (velcro) ule unaopasuka kwa kelele ni wa kuacha nyumbani. Fungia kifaa kwa kamba fupi kifuani au tumia mkoba wa sumaku. Sikiliza kitufe dukani: kikilia "tik", ayala wa yadi 15 ataisikia asubuhi isiyo na upepo. Pumzi yako ikigusa lenzi kwenye baridi inaganda ukungu, basi shusha barakoa au pumulia pembeni. Betri ya CR2 ya lithiamu inavumilia baridi, ila kaa na ya akiba kwenye mfuko wa ndani.

Namba ikishatoka, nani anasema ndiyo?

Hapa ndipo kifaa kinapowaponza watu. Kinaandika 43.5 kwa utulivu wa benki, na mtu anaona kwamba kwa kuwa umbali unajulikana, basi mshale unawezekana. Umbali wa kupiga unaoweza kuuamini hupatikana kwenye uwanja wa mazoezi, kwa sahani ya karatasi, kabla ya msimu.

Kata duara la sentimita 15. Ndiyo, dogo kuliko mapafu; zile sentimita zinazobaki zitaliwa na yadi moja ya kifaa, na mapigo ya moyo, na mnyama mwenyewe. Tumia vigumba vyenye makali vya kuwindia, si vile vya mazoezi, kwa sababu makali yanashika hewa na huweza kwenda kwao. Vigumba vya makali vikitua kushoto kwa vile vya mazoezi, sogeza kishikio cha mshale (pale mshale unapolala kwenye upinde) kulia kwa kiasi kisichofika milimita moja, upige tena. Vikitua kulia, sogeza kushoto. Usiguse pini mpaka makundi hayo mawili yakutane.

Kisha vaa koti lile utakalowindia, na glavu zake. Kila siku mshale wa kwanza ndio pekee unaohesabiwa. Ile mingine mitano inayofuata, misuli ikiwa imeshapata moto, ni ya kujifurahisha. Anza yadi 15. Vuta, shikilia kwa sekunde 20 kama mtu anayesubiri ayala apite nyuma ya mti, ndipo uachie. Piga ukiwa umesimama, piga ukiwa umekaa, piga kutoka juu ukikunja kiuno badala ya kushusha mkono; ukishusha mkono, jicho na kile kitundu cha kuchungulia kilicho kwenye upote (kamba ya upinde) vinapishana na mshale unaenda juu. Ukipata mishale 10 ya kwanza ndani ya duara kwa siku 10, rudi nyuma yadi 5. Pale mshale mmoja unapotoka nje, umepita mpaka wako. Umbali wako ni ule wa kabla ya hapo.

Na huo ni wa uwanjani, ambako sahani haisikii. Porini upote unalia, na sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, mara nne ya mshale. Kwenye yadi 20 mshale unatumia sekunde 0.21 na sauti 0.05: ayala ana sekunde 0.16 za taarifa. Kwenye yadi 40 ana 0.32. Akisikia, hachomoki mbele mara moja. Huchutama kwanza ili kukunja miguu ya kurukia, na mgongo wake unashuka. Tuseme nusu ya muda huo inapotea kabla mwili haujaitika, kisha ashuke kwa mwendo wa kitu kinachoanguka. Kwenye 20 ameshuka sentimita 3. Kwenye 40 ameshuka 12 au 13, na mshale uliolengwa katikati ya mapafu sasa unapita juu yake au unagonga mgongo. Kununua upinde wa kasi zaidi hakuliondoi hilo: kutoka futi 280 hadi 300 kwa sekunde unaokoa sekunde 0.03 tu kwenye yadi 40. Mshale mzito kidogo na vizuia-mtetemo kwenye upote, ili mlio upungue, vinasaidia zaidi.

Ndiyo maana tunashauri aliyefaulu sahani kwa 40 aseme 30 kwa ayala aliyetulia, kichwa chini, anakula, amekupa ubavu. Ayala aliyeinua kichwa na kukuelekezea masikio yote mawili, 20, au mwache apite. Na ule mtindo wa kumsimamisha anayetembea kwa kutoa mlio wa mdomo, "meee", una gharama yake: anasimama, ndiyo, lakini anasimama akiwa ameshtuka. Ufanye akiwa ndani ya 20, ukiwa umeshavuta. Anayekukabili uso kwa uso, au aliyekupa mgongo, hana umbali mzuri wowote.

Ukiziweka pamoja hesabu hizi, yadi 15 chini kwa ajili ya pembe na 25 au 30 juu kwa ajili ya masikio yake, unaona kwamba umbali haupaswi kuchaguliwa ayala akiwa mbele yako. Unachaguliwa siku unayofunga dungu. Kipima masafa kinafanya kazi yake kubwa zaidi saa sita mchana, mwezi mmoja kabla ya msimu, porini pakiwa pamelala: tafuta njia yao, tafuta mti ulio yadi 18 kutoka kwenye njia hiyo, upande ambao upepo hautapeleka harufu yako. Ukishapanda, pima kila kitu kinachotambulika, jiwe, kisiki, mti wenye gome jeupe, na ukariri kama mtoto anayekariri jedwali: kisiki 15, jiwe 22, uzio 31. Uzio ndio mwisho. Asubuhi ya kuwinda, kifaa kinaweza kubaki kifuani kabisa, na hilo ni jambo jema, kwa sababu kukiinua machoni ni mkono mmoja unaotembea mbele ya mnyama anayeishi kwa kuona vitu vinavyotembea.

Na vile vya kufungwa kwenye upinde?

Ipo aina inayounganisha kipima masafa na kilengeo, inapima na kuwasha nukta ya umbali huo huku umevuta. Garmin Xero A1 ilipotoka 2018 modeli zake mbili ziliuzwa kwa dola 800 na 1,000 hivi. Kiufundi ni kitu cha kushangaza, kinaondoa ule mkono unaotembea. Lakini soma sheria ya jimbo lako kabla ya kufungua pochi: Colorado na Montana ni kati ya majimbo yanayokataza vifaa vya umeme vya kulengea vilivyofungwa kwenye upinde, na klabu ya Pope and Young, iliyoanzishwa 1961 na inayotunza rekodi za wawindaji wa upinde, haipokei mnyama aliyepigwa kwa kifaa cha namna hiyo. Cha mkononi hakina mgogoro huo sehemu nyingi. Malalamiko yetu mengine ni kwamba kinampa mtu nukta ya yadi 57 kwa urahisi uleule wa 17.

Kwa hiyo, kwa mwindaji wa dungu: chenye namba nyekundu, ufagiaji wa haraka, chaguo la kitu cha mbali, dola 200 hivi, tunakipa 4 kati ya 5. Kwa wa mlimani ongeza pembe, dola 250 hadi 300, bado 4. Modeli za yadi 2,000 kwa mwenye upinde, 2, na hizo mbili ni za lenzi yake nzuri.

Asiye na dola 200 msimu huu anunue futi kamba ya mita 30 na gurudumu la utepe wa rangi. Apime kutoka shina la mti wake mita 18 na mita 27 pande nne, afunge vipande vya utepe kwenye vichaka, rangi moja kwa 20 na nyingine kwa 30, ya bluu na ya pinki kwa mfano, maana ya manjano hupotea majani yakibadilika. Ardhi ikiwa ya umma aulize kwanza kama kufunga utepe kunaruhusiwa, na msimu ukiisha aende kuutoa.